Nani Mnunuzi? Danguro, Msafiri na Riwaya ya Kiswahili

Katika fasihi ya safari duniani kuna aina moja ya masimulizi inayorudiwa mno. Msafiri, kwa kawaida mwanamume, anafika katika mji wa Asia. Usiku anatembea katika mitaa ya madanguro kama Patpong mjini Bangkok au Kamathipura mjini Mumbai. Anaeleza taa, muziki, bei na sura za wasichana, kisha anarudi hotelini na kuandika. Masimulizi hayo huwa na mengi ya kuona, lakini yana upungufu mkubwa: msimulizi ndiye mnunuzi, au angalau ni mtu ambaye angeweza kununua. Mwanamke anaonekana tangu mgeni anapoingia mlangoni hadi anapotoka. Ametoka wapi, anadaiwa na nani, fedha anamtumia nani, hayo hayamo.

Masimulizi ya namna hiyo si mengi katika Kiswahili. Tunazo, hata hivyo, riwaya zinazotupeleka katika danguro na katika maisha ya mwanamke anayeitwa malaya. Makala haya yanakusudia kuuliza swali moja tu: msimulizi wa riwaya hizo anasimama wapi? Je, ni mnunuzi, ni hakimu, au ni msikilizaji? Nitajiegemeza kwenye riwaya mbili zinazojulikana sana na walimu wetu, yaani Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi (1971) na Utengano ya Said Ahmed Mohamed (1980), na kuzilinganisha na vitabu viwili visivyo vya Kiswahili.

Neno ambalo Waganda wote wanalijua

Tuanze na msamiati. Hapa Uganda yapo maneno machache ya Kiswahili ambayo hata mtu asiyejua Kiswahili anayajua. Mojawapo ni "malaya". Limeingia katika Kiganda na katika lugha zetu za magharibi, na limeingia kama tusi. Kila mwalimu aliyewahi kufundisha riwaya yenye neno hilo anajua kicheko kinachofuata darasani. Kicheko hicho kina historia. Kwa miaka mingi Kiswahili kilihesabiwa nchini kuwa lugha ya askari, wezi na watu wasio na kwao, na mwanamke aliyekizungumza mjini alishukiwa kabla hajamaliza sentensi.

Jambo hili si dogo kwa idara yetu. Kambi ya Nakivale, iliyoanzishwa mwaka 1958 na ambayo tangu 2005 imo katika Wilaya ya Isingiro, ina Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali na wengineo. Kwa wengi wao, hasa waliotoka mashariki ya Kongo, Kiswahili ndiyo lugha ya soko, ya kanisa na ya nyumbani. Mama anayeshuka Mbarara kuuza vitenge akiongea Kiswahili anakutana na lugha yake mwenyewe ikiwa imegeuzwa kuwa jina baya. Binti yake anaweza kuwa ndiye mwanafunzi bora wa somo letu. Tangu mtaala mpya wa sekondari wa mwaka 2020 ulipokifanya Kiswahili kuwa somo la lazima katika kidato cha kwanza na cha pili, binti huyo ameketi dawati moja na wanaocheka.

Tazama tena msamiati wetu. Muuzaji ana majina mengi: kahaba, malaya, changudoa, na ndumba kwa ndugu zetu wa Kongo. Dalali ana jina, kuwadi. Nyumba ina jina, danguro. Mnunuzi je? Zipo sifa za tabia yake, kama mzinzi au mkware, lakini kwa kitendo cha kununua hana jina lake. Huitwa mteja, kama anayenunua sukari dukani. Nasi tunasema mwanamke "anajiuza". Kiambishi hicho cha kujirejea, -ji-, kinamfanya mwanamke kuwa mtenda na mtendwa kwa wakati mmoja, na mtu wa pili anatoweka kabisa katika sentensi. Sarufi imefanya kazi ya hakimu kabla riwaya haijaanza.

Rosa mbele ya hakimu

Kezilahabi, mwana wa Ukerewe, alipoitoa Rosa Mistika kelele zilikuwa kubwa, na kwa muda riwaya ilizuiwa kutumika katika shule za Tanzania. Waliolalamika waliona uchafu. Ukiisoma kwa utulivu unaona kitu kingine. Rosa anakuzwa na Zakaria, baba mlevi na mkali, anayempiga kwa sababu ya barua ya kijana aitwaye Charles. Anapotoka nyumbani kwenda shule na baadaye chuoni Morogoro, hana mazoea yoyote ya kuongea na mwanamume bila hofu. Wanaume wenye vyeo na fedha wanajua hivyo, nao wanavuna.

Nguvu ya riwaya hii ni kwamba mwandishi hakumlaumu Rosa peke yake. Aliupeleka mkono wa lawama hadi nyumbani kwa Zakaria, jambo ambalo mwaka 1971 lilihitaji ujasiri. Hata hivyo, msimulizi anabaki kuwa hakimu. Rosa anahukumiwa na kijiji, na Charles, na yeye mwenyewe anapojiua. Kisha kesi inapelekwa hata mbele ya Mungu. Mashahidi ni wengi. Wanaume waliompata kwa fedha na vyeo wanapita katika kurasa na kwenda zao, na riwaya haiwafuati nyumbani kama inavyomfuata Rosa. Tena Rosa hafanyi biashara hasa. Anaitwa malaya kwa kuwa jina hilo ndilo lililokuwa karibu na mdomo wa jamii.

Maimuna na nyumba ya Mama Jeni

Utengano imekwenda mbele hatua moja muhimu. Maksuudi ni tajiri na mwanasiasa anayemfungia ndani mkewe Tamima na binti yake Maimuna kwa jina la heshima, huku yeye mwenyewe akimfuata Kazija, mwanamke anayelipwa. Hapa basi mnunuzi ana jina, ana nyumba, ana kura anazozitafuta. Mwandishi ameweka katika mwili mmoja baba anayelinda usafi wa binti yake na mwanamume anayenunua binti wa wengine. Sidhani kuna riwaya ya Kiswahili iliyolieleza jambo hili kwa uwazi zaidi.

Maimuna anapotoroka anafikia mikononi mwa Farashuu, mzee mwenye kisasi chake dhidi ya Maksuudi, na hatimaye katika nyumba ya Mama Jeni. Kwa hiyo haangukii katika danguro kwa tamaa. Anapitishwa kutoka mkono hadi mkono, na kila mkono una hesabu yake. Mwishoni hafi kama Rosa. Anaolewa na Kabi, na anapokutana tena na baba yake aliyeporomoka, anamnyima msamaha. Wanafunzi wengi huona kukataa huko ni ukatili. Mimi naona ndipo mahali pekee katika riwaya zote mbili ambapo mwanamke anakuwa hakimu na mnunuzi anakuwa mshtakiwa.

Pamoja na hayo, Utengano nayo ina kikomo chake. Njia ya kutoka inayotolewa kwa Maimuna ni mume mwema. Mama Jeni anabaki kuwa mhusika wa kutisha kuliko kuwa mfanyabiashara ambaye daftari lake tungelifungua. Uchumi wa danguro, yaani nani anapata nini, nani anadaiwa nini, haupewi uzito sawa na maadili yake.

Wanaosikiliza

Mwaka 1990 mwanahistoria Luise White alichapisha The Comforts of Home, kitabu kuhusu ukahaba katika Nairobi ya ukoloni, kilichotokana na mahojiano na wazee wa mitaa kama Pumwani. Mwalimu wa Kiswahili atashangaa kuona kwamba wazee hao walitofautisha aina tatu kwa maneno ya Kiswahili. Watembezi walitafuta wanaume njiani. Malaya alikaa chumbani mwake akangoja, akatoa chai, chakula, maji ya kuoga na kitanda, na alijali heshima yake kwa majirani. Wazi-wazi waliketi nje ya mlango na kutaja bei waziwazi.

Wazi-wazi wanatuhusu kwa karibu. Wengi wao katika miaka ya 1930 walikuwa Wahaya kutoka Bukoba, majirani zetu wa kusini, ambao lugha yao inasikika vyema kwa Mnyankole. White anaonyesha kwamba wengi walipeleka fedha nyumbani kwa wazazi ambao kilimo chao kilikuwa kimeyumba, ilhali baadhi ya malaya wa Nairobi walijenga au kununua nyumba na kuwa wenye milki. Neno "malaya" katika vinywa vya wazee hao halikuwa tusi tupu. Lilikuwa pia jina la namna ya kuishi mjini. Kwa kweli tumelirithi neno na kuitupa maana yake.

Kitabu cha pili kinaturudisha Asia. Mwaka 1972 Yamazaki Tomoko wa Japani alitoa kitabu kuhusu danguro namba 8 la Sandakan, mji wa Borneo ambao leo umo Malaysia. Wasichana maskini wa Kijapani, hasa kutoka maeneo kama Amakusa, walipelekwa huko na katika miji mingi mingine mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. Baadhi yao walifika hata Zanzibar. Yamazaki hakwenda kutazama mtaa wa madanguro. Alikwenda Amakusa, akaishi na bibi kizee aliyewahi kuuzwa utotoni, akala naye, akalala kwake, akasikiliza. Mbinu yake ina doa, kwani mwanzoni hakumweleza bibi huyo kwamba alikuwa mtafiti. Lakini alisafiri kuelekea mahali mwanamke alikotoka, na hapo ndipo alipopata mambo ambayo msafiri wa Bangkok hayapati: deni, dalali, kaka aliyesaidiwa, na ndugu walioona aibu aliporejea.

Kwa nini sasa, na kwa nini hapa

Wakati huo wasichana wa Asia walivuka bahari kuja pwani yetu. Leo safari imegeuka. Mwaka 2020 kipindi cha uchunguzi cha BBC kilionyesha wanawake wa Afrika, wakiwamo Wakenya, waliopelekwa Delhi kwa ahadi ya kazi. Mwaka 2025 uchunguzi mwingine wa shirika hilohilo ulihusu wasichana wa Uganda waliopelekwa Dubai. Utaratibu unafanana: ahadi ya kazi ya duka au hoteli, tiketi iliyolipiwa na mtu mwingine, na mara wanapofika, deni la nauli, viza na malazi ambalo haliishi. Uganda ina sheria dhidi ya biashara ya binadamu tangu 2009. Dalali, hata hivyo, hamwambii msichana "nakuuza". Anamwambia "nimekupatia kazi".

Mji wetu uko juu ya barabara kuu iendayo Rwanda na Kongo. Malori yanalala Lyantonde na Mbarara, na mabasi ya Kampala yanaondoka usiku na mchana. Msichana wa Isingiro, awe mzaliwa au mkimbizi, anaweza kukutana na dalali kabla hajamaliza kidato cha nne. Riwaya tunazofundisha zinaweza kumsaidia au kumwacha.

Wapo wenzetu wanaosema riwaya hizi zisifundishwe kwa sababu zinachafua. Wapo wanaosema zifundishwe ili kuwaonya wasichana. Naona makundi haya mawili yanasimama mahali pamoja: yote yanamtazama msichana. Onyo linalosema "usiwe kama Rosa" halimfundishi mtu kumtambua dalali. Tena linawaacha wavulana wa darasa hilohilo wakicheka, wakiamini kuwa somo haliwahusu.

Napendekeza kwa walimu wanafunzi wanaokwenda mazoezini muhula ujao mambo matatu. Kwanza, kabla ya kusoma riwaya, darasa lijadili neno "malaya" wazi wazi: limetoka wapi, nani huitwa hivyo hapa Mbarara, na kwa nini. Mwalimu asilipite haraka kwa aibu, kwa maana likipitwa hurudi uwanjani likiwa tusi.

Pili, wanafunzi waandike orodha ya wanaume wote wanaotoa fedha au zawadi katika Rosa Mistika na Utengano, na mbele ya kila jina waandike kilichompata mwishoni. Orodha hiyo itazua mjadala kuliko swali la kawaida la "taja sifa za Rosa".

Tatu, zoezi la sarufi. Chukua sentensi "Maimuna alijiuza". Wanafunzi waibadilishe iwe "Maimuna aliuzwa", kisha "Maimuna alinunuliwa", kisha waongeze "na" na kumtaja mtenda. Wataona kuwa kila umbo linahitaji jibu ambalo umbo la kwanza halikulihitaji. Ni somo la kauli ya kutendwa, limo katika mtaala, na halihitaji kitabu cha ziada wala ruhusa ya mtu.

Wenzangu mtakaolijaribu zoezi hili katika shule za Isingiro na Mbarara, leteni majibu ya wanafunzi idarani mwishoni mwa mazoezi. Ningependa hasa kuona yale ya wavulana.