Sekunde Tano za Rubani

Ukiishi Utawala au upande wa Ruai, ndege unaziona tumbo. Zinapoondoka uwanja wa JKIA, Nairobi, kuelekea kaskazini mashariki zinapita juu ya mabati na matangi ya maji zikiwa bado zinahema, maana uwanja wenyewe uko zaidi ya futi 5,300 juu ya usawa wa bahari na hewa ya huku ni nyepesi. Eastleigh nako kuna uwanja wa kijeshi, ule uliokuwa ukipokea abiria wa Nairobi kabla Embakasi, JKIA ya leo, haijafunguliwa mwaka 1958. Ng'ambo ya mji kuna uwanja wa Wilson na vindege vyake vya watalii na wanafunzi. Viwanja vitatu, anga moja. Wengi wetu Eastlands hatuinui tena macho kwa mngurumo huo. Mimi bado huinua, kwa sababu ya ustadi mmoja wa marubani ambao abiria karibu hawauoni kamwe.

Ndege kubwa hubeba mtambo wa kuzuia migongano uitwao TCAS, nao hautegemei mnara wa kuongozea ndege. Unaziita ndege jirani kwa redio, transponda zao zinajibu, na kutokana na muda wa jibu kurudi mtambo unajua umbali. Kimo cha jirani kimo ndani ya jibu lenyewe. Kwanza unatahadharisha tu kwamba kuna mwenzio karibu. Hapo rubani hageuzi kitu. Anatafuta kwa macho, mkono uko tayari. Hatari ikizidi, zikiwa zimebaki sekunde 15 hadi 35 hivi, mtambo unaamuru: panda, au shuka. Ikiwa ndege zote mbili zinao, mitambo imeshapatana ipi iende juu na ipi chini.

Kuanzia hapo rubani ana sekunde tano. Katika ndege nyingi anazima otopailoti, anavuta au anasukuma usukani, anafuata rangi ya kijani inayomwonyesha kwenye skrini apande au ashuke kwa kasi gani, na mwenzake anamjulisha mwongozaji wa ndege aliye ardhini kwamba wanatii mtambo. Mwongozaji naye anaacha kuwaelekeza. Uzuri wa kazi uko katika kile kipimo cha mkono. Mvuto unaotakiwa ni mdogo, kiasi cha mtu kuhisi ameongezewa robo ya uzito wake. Rubani anayevuta kwa hofu huwaangusha wahudumu kwenye ujia, na anaweza kupita kiasi akaingia katika kimo cha ndege ya tatu.

Kwa nini asiulize kwanza? Usiku wa Julai 1, 2002, juu ya Überlingen, Ujerumani, ndege ya Urusi aina ya Tupolev iliambiwa na mtambo ipande na mwongozaji akaiambia ishuke. Wakamtii mwongozaji. Ndege ya mizigo ya DHL ilikuwa ikishuka kwa amri ya mtambo wake, zikagongana, na watu 71 wakafa. Baada ya hapo kanuni ikakazwa: amri ya mtambo hushinda neno la mnara, na kwenda kinyume chake ni mwiko. Dereva wa matatu kwenye Jogoo Road akisikia konda amegonga bodi hukanyaga breki kwanza. Sababu ataijua gari likishasimama.

Lakini konda huyu wa angani, TCAS, wakati mwingine hukosea. Ndege inayopanda kwa kasi kuelekea kimo chake, huku nyingine ikipita futi 1,000 juu yake kihalali, inaweza kuufanya mtambo uone ajali isiyokuwepo. Ndiyo maana marubani makini hupunguza mwendo wa kupanda wanapokaribia kimo walichopewa. Kuna pia uongo mtupu. Machi 1, 2025, ndege kadhaa zilizokuwa zikitua uwanja wa Reagan National, Washington, zilipata amri za kukwepa ndege ambazo hazikuwepo. Baadaye mwezi huo Seneta Ted Cruz alisema kwenye kikao cha Seneti kwamba chanzo kilikuwa majaribio ya vifaa vya kuzuia droni karibu na uwanja. Wiki chache kabla, watu 67 walikuwa wamekufa hapo hapo ndege ya abiria ilipogongana na helikopta ya jeshi.

Baadhi ya marubani waliacha kutua wakazunguka upya. Hao ndio ninaowapa heko zaidi, ingawa dirishani hawakuona kitu. Macho ni shahidi dhaifu angani: ndege unayoiona huenda si ile inayokujia. Machi 5, 2024, mchana kweupe, ndege ya abiria ya Safarilink aina ya Dash 8 iliyotoka Wilson kwenda Diani iligongana na Cessna ya mafunzo juu ya Mbuga ya Nairobi. Wawili wa Cessna walikufa. Watu 44 wa Dash 8 walirejea Wilson salama.

Tahadhari ya uongo ikirudiarudia, sikio huota sugu, na hapo ndipo kazi inapokuwa ngumu kuliko siku ya hatari ya kweli. Rubani hutii amri anayoishuku kwa mkono uleule mtulivu, anarudi kwenye kimo chake mtambo ukishasema njia ni nyeupe, kisha akishatua anaketi kuandika ripoti: saa, kimo, amri iliyotolewa, alichokiona na ambacho hakukiona. Ripoti moja huonekana kama malalamiko ya mtu aliyechoka. Za marubani kadhaa waliotumia njia ileile asubuhi ileile humfanya mhandisi aanze kutafuta nani anarusha mawimbi.