Mahindi ya Kitale Hupanda Kwanza: Hesabu ya Reli ya Timboroa

Gunia la mahindi likipakiwa kwenye behewa Kitale kwenda Mombasa, mtu angedhani safari nzima ni mteremko. Kitale iko mita 1,900 hivi juu ya usawa wa bahari, na mwisho wa safari ni bahari yenyewe. Lakini reli hulipandisha gunia hilo hadi Timboroa, mita 2,785, kabla ya kulishusha Nakuru. Likitoka Bungoma, iliyo kwenye mita 1,400 hivi, mlima ni mrefu zaidi. Wahandisi wa miaka ya 1920 walipitishaje treni nzito hapo kwa magurudumu ya kawaida tu?

Njia nyingine zilijulikana. Uswisi, tangu mwaka 1889, treni ya mlima Pilatus hupanda mwinuko wa asilimia 48 kwa magurudumu ya meno yanayong'ata reli ya katikati. Hapa kwetu, wajenzi wa Reli ya Uganda walipofika ukingo wa Bonde la Ufa upande wa Kikuyu, waliteremsha mabehewa kwa kamba. Behewa lililoshuka na mzigo lilisaidia kulivuta juu lililo tupu, na penye ukali zaidi, ambapo njia ilishuka karibu mita moja kwa kila mita mbili, behewa lilibebwa juu ya kitoroli kilichoundwa ili libaki limelala sawa. Kamba zilisaidia vifaa vitangulie bondeni wakati njia ya kudumu ikijengwa. Mwaka 1901 reli ilifika Kisumu, na kamba hazikuhitajika tena.

Sababu ya kuziacha njia hizo ni tani. Mara nyingi meno na kamba hupandisha watalii au vifaa vichache kwa zamu, na ni vigumu kuhamisha kwa njia hiyo mavuno ya wilaya nzima. Reli ya mizigo hutegemea msuguano wa chuma juu ya chuma, na msuguano huo ni mdogo: injini ya mvuke huweza kuvuta kwa nguvu isiyozidi robo hivi ya uzito ulio juu ya magurudumu yake yanayoendeshwa, tena reli ikiwa kavu.

Tupige hesabu. Penye tambarare, tani moja ya treni huhitaji mvuto wa kilo 3 hivi. Kila asilimia moja ya mwinuko huongeza kilo 10. Chukua injini yenye ekseli nane zinazoendeshwa, kila moja ikibeba tani 11: jumla tani 88, mvuto wa tani 22. Kwenye mwinuko wa asilimia 1.5 inaweza kupandisha tani 1,200 hivi, uzito wake yenyewe ukiwamo. Kwenye asilimia 2 hubaki tani 950. Kwenye asilimia 10 ni tani 210 tu, na injini yenyewe ikiwa na tani 150, mzigo haujazi hata mabehewa matatu. Nusu asilimia kwenye ramani ya mhandisi hula moja ya tano ya treni, kila siku, kwa miaka yote reli itakapotumika.

Ndiyo maana mwinuko mkali zaidi wa reli za hapa kwetu ulibanwa kati ya asilimia 1.5 na 2. Ukishaubana, jiografia inakupa bili yake. Nakuru iko mita 1,850 hivi, kwa hiyo kupanda hadi Timboroa ni zaidi ya mita 900, na kwa asilimia 1.5 hizo ni kilomita 60 za kupanda bila kupumua. Penye korongo, njia hufuata ubavu wa mlima hadi kichwa cha bonde, ikavuka na kurudi upande wa pili. Kona nazo huongeza ukinzani, hivyo kwenye kona mwinuko hulegezwa ili injini isihisi tofauti. Upande wa magharibi kazi ni ileile: reli hujipinda kupita Turbo na Lugari, ikashuka hadi Webuye na Bungoma. Tawi la Kitale, lililokamilika mwaka 1926, lilikuwa rahisi zaidi. Kutoka Leseru, linapochomoka kwenye reli kuu, kilomita 65 hivi hupita juu ya uwanda.

Ilibaki injini. Reli zilikuwa nyepesi na kona zilikuwa kali, hivyo injini moja ndefu na nzito isingefaa. Jibu lilikuwa injini za mvuke za aina ya Garratt, zilizoanza kufika mwaka huohuo wa 1926. Tanuri na bwela la kuchemshia maji hubebwa katikati, juu ya fremu inayokalia seti mbili za magurudumu, moja mbele na moja nyuma, kila moja ikigeuka peke yake. Uzito hutawanyika kwenye ekseli nyingi, na injini ndefu hupinda kwenye kona. Ile ya hesabu yetu ni ya aina hiyo: Garratt za daraja la 60 za miaka ya 1950.

Lakini ufundi haukuchagua njia peke yake. Wakosoaji wa wakati ule walilalamika kwamba reli ya kwenda Uganda ilipandishwa hadi Timboroa ili ipite kwenye mashamba ya walowezi wa Uasin Gishu, ilhali kulikuwa na njia ya chini kupitia nchi yenye watu wengi karibu na Ziwa Victoria. Wahandisi walipewa mlima na siasa, nao wakavilipia kwa kona.

Mpango wa kuendeleza reli ya kisasa (SGR) kutoka Naivasha hupita Narok, Bomet, Kisumu na Mumias hadi Malaba, yaani upande wa chini. Ukitimia, mizigo ya Uganda itaikwepa Timboroa. Kitale haitaikwepa. Kwa mkulima wa Trans Nzoia, kukarabati mataruma na madaraja ya reli ya zamani ni jambo jema, lakini uzito wa treni yake utaendelea kuamuliwa na mwinuko uliochorwa miaka 100 hivi iliyopita, hadi mtu atakapokubali kulipia kuunyoosha.