Feni Ndani ya Pete: Ndege Isiyo na Mabawa na Hesabu ya Hewa ya Eastlands

Ndege isiyo na mabawa hubebwa na hewa ile tu inayoisukuma yenyewe kwenda chini, na kwa hiyo kila kilo iliyomo hulipiwa kwa nguvu za injini tangu inapopaa wima hadi inapotua. Kanuni hiyo ilijaribiwa na kampuni ya Piasecki ya Marekani, ambayo mwaka 1958 ilirusha VZ-8 Airgeep, chombo kilichoagizwa na jeshi la nchi kavu ili kiwe gari dogo lenye kuruka.

Feni mbili zenye mapanga matatu kila moja zililazwa mbele na nyuma ndani ya pete pana, rubani akiketi katikati, nazo injini mbili za pistoni, kila moja ikiwa na nguvu za farasi 180, ziliunganishwa ili moja ikizimika nyingine iendelee kuzungusha feni zote. Pete hiyo si kinga tu, kwani hewa inayopita kwa kasi juu ya mdomo wake wa mviringo hupunguza kanieneo hapo na kuiinua pete yenyewe, huku ukuta wake ukizuia hewa isivuje kwenye ncha za mapanga, mradi mwanya uliopo uwe mwembamba sana. Kinadharia, feni iliyozungushiwa pete huhitaji takriban asilimia 71 ya nguvu zinazohitajiwa na feni wazi ya upana uleule inayobeba uzito uleule.

Hesabu hiyo hubadilika katika mwinuko: uwanja wa ndege wa Eastleigh, katikati ya mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, uko karibu mita 1,640 juu ya usawa wa bahari, ambako msongamano wa hewa, yaani uzito wa hewa katika kila mita ya ujazo, hupungua kwa asilimia 15 hivi. Hata ndege ya jeti aina ya Comet ililetwa Nairobi mwaka 1950 ili ijaribiwe katika mwinuko kama huo. Hewa hiyo nyepesi huibana feni mara mbili, kwa sababu kazi ya kuelea huongezeka kwa asilimia 8 ilhali injini ya pistoni isiyo na kikandamiza hewa hupoteza zaidi ya asilimia 15 ya nguvu zake. Chombo kinachoinua kilo 1,000 Mombasa kingeinua kilo 850 hivi Eastleigh, na kwa kuwa chuma hakipungui uzito, kilo 150 zinazokosekana, ambazo ni uzito wa watu wawili, hutolewa zote kwenye abiria na mizigo.

Piasecki walijibu tatizo la uzito kwa kutumia injini za tabo (turbini), zilizo nyepesi kuliko pistoni kwa nguvu zilezile, lakini jeshi hatimaye lilichagua helikopta, ambayo mapanga yake marefu husukuma hewa nyingi polepole na hivyo kutumia nguvu kidogo. Mota ya umeme haichomi hewa, kwa hiyo huondoa hasara ya injini. Ile asilimia 8 hubaki, na mbunifu anayekusudia kuruka juu ya mitaa ya Eastlands kama Buruburu au Kayole hana budi kuilipa kwa kupanua pete kabla ya kuhesabu viti.