Kiitikio Kilichoasi: "Machozi, Jasho na Damu" Isikilizwapo Bukavu

Kwa muda mrefu uhakiki wa ushairi wa Kiswahili umejifunga katika diwani na kurasa za magazeti. Mgogoro uliozuka katika miaka ya 1970 kati ya wanamapokeo, waliozitegemea kanuni alizoziweka Amri Abedi katika Sheria za Kutunga Mashairi (1954), na wanamabadiliko, ambao Kichomi (1974) cha Kezilahabi kiliwapa sauti, ulihusu zaidi ushairi wa kusomwa. Wakati wasomi wakibishana iwapo shairi lisilo na vina ni shairi, vijana wa mijini walivirudia vina kwa mlango mwingine. Muziki wa kufokafoka hausimami bila vina, ijapokuwa hauna haja ya mizani iliyohesabiwa kwa vidole.

Albamu ya Machozi, Jasho na Damu (2001) ya Joseph Haule, ajulikanaye kama Professor Jay, ni mfano mzuri wa ushairi huo. Makala hii inaichunguza kwa kuutazama hasa wimbo wa "Ndio Mzee", kisha inauliza maana yake inabadilika vipi msikilizaji anapokuwa Bukavu, katika Kivu ya Kusini, badala ya Dar es Salaam.

Haule alifahamika kwanza katika kundi la Hard Blasters, lililotoa albamu ya Funga Kazi mwaka 2000. Machozi, Jasho na Damu ndiyo albamu yake ya kwanza ya peke yake. Wakati huo Tanzania haikuwa na kampuni kubwa za muziki za kumlea msanii wa aina hii. Alirekodi studio, kanda zikapita kwa wasambazaji, na jina lake likawa ndio mtaji wake. Anwani yenyewe inakumbusha hotuba ya Winston Churchill ya tarehe 13 Mei 1940, ambamo kiongozi wa vita aliliambia bunge kwamba hana cha kutoa ila damu, kazi ngumu, machozi na jasho. Katika anwani ya Haule mpangilio umegeuka: machozi yanatangulia na damu inakuja mwisho. Aidha, asemaye si mtawala anayewatayarisha raia kwa mateso, bali ni raia anayetaja gharama aliyokwisha kuilipa.

Katika "Ndio Mzee" nafsineni ni mgombea aliyesimama jukwaani. Anaahidi kuufuta umaskini na kuifanya nchi ifanane na Ulaya. Anafika hata kuahidi kuwapeleka wanafunzi mwezini kwa masomo ya vitendo. Kila ahadi inapokewa na umati kwa kiitikio kilekile: ndio mzee. Mtunzi hatoi maoni yake mahali popote. Anamwachia mgombea aseme mpaka maneno yake yenyewe yamwumbue. Mbinu kuu hapa ni chuku. Katika utendi wa Fumo Liyongo chuku humkuza shujaa. Katika wimbo huu, kila inapopanda, msemaji anazidi kuwa mdogo.

Umbo la wimbo huu lina asili ya karibu katika fasihi ya Tanzania. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, Mathias Mnyampala alizieneza ngonjera, majibizano ya kishairi ambayo aghalabu mmoja hakuelewa, mwingine akamwelimisha, na mwisho wote wakakubaliana. Shule nyingi zilizitumia kuwapokea wageni wa serikali. "Ndio Mzee" unabakiza jukwaa, msemaji na makubaliano, lakini unayageuza makubaliano hayo kuwa shutuma. Umati hauelimishwi; unaitikia kwa mazoea. Msikilizaji aliyewahi kuimba ngonjera akiwa shuleni hucheka, kisha hujikuta anajicheka mwenyewe. Kejeli inawagusa wote wawili, mwenye kipaza sauti na mwenye kupiga makofi.

Hata hivyo, wimbo una upungufu. Umati una sauti moja tu. Hakuna mama anayeuliza bei ya unga, wala kijana anayenong'ona pembeni kwamba haya ni uongo. Kwa hiyo wimbo unaonyesha utii bila kuonyesha chanzo chake: ni woga, ni adabu, au ni matumaini? Swali hili lilipata uzito zaidi mwaka 2015, Haule alipochaguliwa kuwa mbunge wa Mikumi kwa tiketi ya CHADEMA, kiti alichokikalia hadi 2020. Si haki kuuhukumu wimbo kwa maisha ya mtunzi, lakini aliyemwigiza mgombea sasa alilazimika kuomba kura kwa sauti ileile.

Bukavu inalijibu swali hilo kwa namna yake. Wimbo ulitoka baada ya uchaguzi wa pili wa vyama vingi nchini Tanzania, wa Oktoba 2000. Mwaka 2001 Bukavu haikuwa na mgombea wa kukejeliwa. Mji ulikuwa chini ya waasi wa RCD walioungwa mkono na Rwanda, na Wakongo walisubiri hadi Julai 2006 kupiga kura katika uchaguzi mkuu. Isitoshe, "Mzee" lilikuwa jina la heshima la Laurent-Désiré Kabila, aliyeuawa Januari 2001. Katika mazingira hayo, "ndio mzee" ni jibu la mtu anayepima umbali kati yake na bunduki, na chanzo cha utii ambacho wimbo umekinyamazia kinajitokeza chenyewe. Neno "damu" katika anwani nalo linapoteza sehemu kubwa ya usitiari wake.

Jambo la pili ni lugha. Nguvu ya albamu hii inatokana na Kiswahili cha mtaani, kama jina la wimbo wa "Bongo Dar es Salaam" linavyodokeza: Bongo ni mji wa kuishi kwa kutumia ubongo. Bukavu nayo ina Kiswahili chake, kinachoishi pamoja na Kimashi, Kifaransa na Kilingala, chenye ba- na bi- mahali pa wa- na vi-, na ka- ya udogo. Darasani maumbo hayo huhesabiwa kuwa makosa. Msanii wa Kadutu au Bagira anayeiga misimu ya Dar es Salaam ili aonekane anajua Kiswahili atakuwa amekimbia usanifu mmoja na kuingia katika mwingine, na atakuwa hajajifunza lolote kwa Haule, aliyefaulu kwa kukitumia Kiswahili cha mji wake bila kuomba radhi.

Kwa hiyo albamu hii inastahili kusomeshwa pamoja na diwani, si kwa sababu ni ya vijana, bali kwa sababu inaendeleza na kupinga mapokeo yanayofahamika. Usomeshaji huo hautakamilika ukiishia pwani na Dar es Salaam. Kanda na nyimbo za vijana wa Bukavu zinahitaji kukusanywa na kunukuliwa kama zinavyotamkwa, ba- zikiachwa ba-, kabla hazijasahihishwa na mwalimu.