Papa Potwe wa Hadibodi

Kwanza ni bluu. Fundi huimimina kwenye kipande cha hadibodi cha sentimita 60 kwa 60 na kuitandaza kwa brashi pana: nzito chini, ikipauka kadiri inavyopanda, hadi ukingo wa juu ambako yanabaki maji yaliyopigwa na jua. Rangi ya mafuta, ileile inayopakwa milango na baiskeli, haichelewi kushika, na brashi ikirudi mahali palipokwisha kuanza kukauka huacha mchirizi usiofutika. Kwa hiyo bahari nzima humalizwa kwa mkao mmoja. Kisha ubao huegemezwa ukutani hadi kesho, mbali na kuku na vumbi la Lisekese, hapa Masasi.

Kutoka hapa hadi Mtwara pwani ni karibu kilomita 200. Wengi wetu huku bahari tunaijua kwa ng'onda wa sokoni, na mtu ana haki ya kuuliza fundi aliyezungukwa na mikorosho na majabali anamjulia wapi papa. Lakini mkono wa kuchora haukuja huku na makopo ya rangi. Mwaka 1906 Karl Weule, Mjerumani wa makumbusho ya Leipzig, alipita Masasi na Newala akiwapa wapagazi na wenyeji penseli na karatasi, na michoro yao akaichapa katika kitabu chake cha 1908. Edward Saidi Tingatinga naye ni wa upande huu, mzaliwa wa Tunduru mwaka 1932. Alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, kwa rangi za kopo na hadibodi za kupigilia dari, na mwaka 1972 akauawa kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu. Ndugu na watu wa kwao ndio walioishika kazi, na mwaka 1990 ikawa chama cha ushirika. Fundi wetu aliipatia huko Dar, kisha akarudi nyumbani.

Siku ya pili ni mwili: kijivu cha kuelekea bluu, kichwa kipana kama kilichobanwa, mdomo ulioachama kwa mbele. Hapo ndipo macho yangu hukaa zaidi, kwa sababu baada ya mwili yanakuja madoa.

Madoa ni lugha ya zamani ya Tingatinga. Twiga ana yake, chui ana yake, hata kanga asiyekuwa nayo ya kutosha huongezewa. Mara nyingi ni pambo tu, na nimeona picha za watalii ambazo ukimfuta mnyama, madoa yake yangemfaa yeyote. Kwa papa potwe mambo si hayo. Kila potwe ana mpangilio wake, na watafiti humtambua kwa picha ya ubavu, nyuma tu ya matamvua. Mwaka 2005 ilichapishwa njia ya kulinganisha madoa hayo kwa kompyuta, na hesabu yake iliazimwa kwa wanaastronomia waliokuwa wakioanisha nyota katika picha za darubini ya Hubble.

Basi fundi ana picha moja kwenye simu, potwe aliyepigwa picha karibu na Kilindoni, Mafia, ambako samaki hawa hufuata uduvi, hasa kati ya Oktoba na Machi. Anaigawa picha kwa mistari, na ubao vilevile kwa chaki, halafu anahesabu. Kichwani madoa ni madogo na yamesongamana. Yakielekea mkiani yanakua na kuachana. Hatumii brashi. Ana kijiti cha mwanzi alichokichonga ncha, anakichovya, anasubiri tone la ziada lianguke, kisha anagusa na kuinua wima. Akiinua kwa mshazari doa linaota mkia. Rangi ikiwa nyepesi linatambaa, ikiwa nzito linabaki na kilele kama chunusi. Nyuma ya matamvua anapunguza mwendo hadi unadhani amesinzia.

"Hapa nikikosea, mzee, nimemchora mwingine," aliniambia bila kugeuka.

Nimechoka na picha za mazingira zenye maandishi makubwa ya kutuamrisha tutunze bahari. Ukishasoma umemaliza, macho hayana tena shughuli. Hii ya fundi haina neno hata moja. Kuna uzi tu wa wavu, mwekundu, mwembamba kuliko unywele, ulionasa kwenye pezi la mkia na kufuata nyuma. Mafia potwe huzungushiwa pamoja na dagaa katika nyavu za kuzungushia, na mara nyingi wavuvi humfungulia njia atoke. Tangu 2016 samaki huyu, mkubwa kuliko samaki wote duniani, yumo katika orodha ya IUCN ya viumbe walio hatarini kutoweka. Unaweza kusoma habari hiyo na usiguswe. Ni vigumu zaidi ukishajua kwamba anayeburuta uzi ule ni huyu, mwenye madoa matatu yaliyokaa pembetatu ubavuni, wala si potwe kwa jumla.

Mteja mmoja alimtaka fundi amrudufishie picha ileile, kwa ajili ya hoteli. Wachoraji wengi wangekubali, na siwalaumu, watoto wanakula. Yeye aliomba aletewe picha ya potwe mwingine, na bei ikabaki palepale.