Kinagaubaga si Matusi

Neno kinagaubaga limegeuzwa ngao ya ulimi usio na adabu. Mtu akimvunjia mwenzake heshima barazani, hujitetea kwamba amesema kinagaubaga. Mtunzi naye akizijaza beti zake kejeli na majina ya watu, husifiwa kwa sifa hiyo hiyo. Hapo neno linadhulumiwa, na ushairi nao unadhulumiwa.

Tulitazame neno hili pamoja na jamaa zake. Mtu hueleza kinagaubaga, hufafanua kinagaubaga, hujibu kinagaubaga. Vitenzi hivi vyote vinadai kazi: jambo likunjuliwe kama jamvi hadi ncha yake ya mwisho, msikilizaji asibakiwe na la kuuliza. Hatusemi kwamba fulani ametukana kinagaubaga, wala kwamba amefoka kinagaubaga. Mwenye kufoka huonyesha hasira zake. Mwenye kusema kinagaubaga huonyesha jambo lenyewe.

Wapo wanaodhani kuwa neno hili ni hasimu wa fumbo. Kazi ya Abdilatif Abdalla wa Mombasa inatufunza vingine. Mwaka 1968 aliandika waraka wa Kenya: Twendapi?, akaikosoa serikali pasi na kificho, na malipo yake yakawa kifungo cha miaka 3, tangu 1969 hadi 1972. Hata hivyo, anwani ya waraka huo haikuwa tusi, bali swali. Huko gerezani akatunga mashairi yaliyochapishwa mwaka 1973 katika diwani ya Sauti ya Dhiki. Miongoni mwayo limo “Mnazi: Vuta N’kuvute”, ambamo ndugu wawili, Alii na Badi, wanazozania mnazi. Wasomaji wengi wameufasiri mnazi huo kuwa ni nchi.

Basi kilichofumbwa humo ni nini? Ni nchi na wenye kuigombania. Hoja hazikufumbwa. Huyu hutoa dai lake, yule hulijibu, na dai hurudi likiwa limepimwa. Asiyejua lolote la siasa za Kenya za miaka hiyo huelewa nani anadai nini, na kwa nini. Fumbo limesitiri majina. Haki imejadiliwa kinagaubaga.

Kwa kipimo hicho, mashairi mengi yanayosifiwa leo kwa ushujaa yanapwaya: majina yamo, hoja haimo. Mengine yamejificha nyuma ya mafumbo ambayo mtunzi mwenyewe akiulizwa hawezi kuyafumbua. Hilo nalo si fumbo, ni kiza.

Kusema kinagaubaga kuna gharama yake. Msemaji hujifungia mlango wa kusema kesho kwamba hakukusudia hayo, na humfungulia mpinzani wake mlango wa kumjibu. Matusi hayajibiki, hurudishwa tu. Kwa hiyo, kabla hatujampa mtunzi sifa hii, tumuulize: katika beti zako zote, umetueleza lipi ambalo tungeweza kukujibu?