Sauti ya Mkongwe

Mchezaji ninayemfuata kwa macho uwanjani si yule anayefunga. Ni mkongwe wa timu, goti limefungwa bendeji, anayesimama mbele ya mabeki na kusema tangu filimbi ya kwanza hadi ya mwisho. "Geuka! Una muda! Mtu nyuma!" Kwenye viwanja vya mashinani huko Nyamira, ambako watazamaji husimama mstarini na mvua ya alasiri haina adabu, sauti yake inafika kwa kila mtu. Umsikilize yeye tu na utajua mechi inaelekea wapi.

Huyo ndiye niliyemwaza nilipoitazama Bull Durham, filamu ya mwaka 1988. Ni ya besiboli, mchezo tusioujua huku kwetu, na nusu ya sheria zake zilinipita. Haidhuru. Crash Davis, anayeigizwa na Kevin Costner, ni mdakaji wa ligi ndogo ambaye ligi kuu aliionja siku 21 tu. Analetwa Durham, North Carolina, amlee kijana mwenye mkono wa radi na akili isiyotulia. Kijana anapuuza ishara zake. Basi mzee anamnong'oneza mpigaji wa timu pinzani ni mpira gani unaokuja. Mpira unapigwa, unatokomea. Nimewahi kufundishwa na wengi. Hakuna aliyethubutu kunipa somo kwa bei hiyo.

Ron Shelton, aliyeiandika na kuiongoza, aliwahi kuzichezea ligi hizo ndogo bila kufika juu, na ndiyo maana anajua mambo ambayo mtunzi wa mezani hangeyabuni. Wachezaji wanakusanyika katikati ya uwanja, unadhani wanapanga mbinu. Kumbe wanajadili zawadi ya harusi, na jogoo wa kuondoa mkosi kwenye glavu ya mwenzao.

Huku kwetu, klabu ya soka ya Shabana, ya Kisii, ilishuka daraja mwaka 2006, ikarudi Ligi Kuu 2023. Hesabu: aliyekuwa na miaka 18 iliposhuka alikuwa na 35 iliporudi. Maisha mazima ya mpira yakaanza na kuisha humo katikati, na Gusii Stadium bado ilihitaji mtu wa kumwambia chipukizi asimame wapi kona inapopigwa.

Ndivyo ilivyo hata Tabaka, huko Kisii: kwenye machimbo ya jiwe la sabuni, mchongaji hutoa umbo la kiboko kwa panga na kisu, kisha humwachia mwingine alisugue kwa msasa na maji. Msasa hauachi alama. Ukiacha, kazi imeharibika. Kiboko husafiri hadi Mombasa na ng'ambo, na vidole vilivyokilainisha hubaki vyeupe kwa vumbi.

Mwishoni kijana wa Durham anaitwa ligi kuu. Mzee anaachwa na timu, anaenda kuiweka rekodi yake katika mji mwingine, bila shangwe.

Kwenye timu ya mkongwe wetu wa Nyamira, kijana mmoja anayecheza kwa mguu wa kushoto alichukuliwa na timu ya Nairobi msimu uliopita. Jumapili iliyofuata nilienda tena uwanjani. Winga mpya, jezi imemzidi, alipokea mpira akaukumbatia kwa hofu.

"Geuka," sauti ikasema. "Una muda."

Akageuka upande usiofaa. Mpira ukapotea.

"Sawa. Tena."